Mwalimu Tope, Uliyerudi Kijitoni kwa Ajili ya Samaki

Umetimia mwaka, baba watoto, tangu uliposhuka kijitoni nyuma ya shule na usipande tena. Waliofiwa kabla yetu walituambia kwamba mwaka ukizunguka maumivu hupungua makali. Tumesubiri. Mwaka umezunguka, nasi tuko palepale ulipotuacha.

Ninaandika kwa niaba ya nyumba nzima, mimi mkeo, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ileile ambayo wewe ulifundisha madarasa ya juu. Mama yako amesema niandike mimi kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka. Binti zetu wamesema nisikupambe, niseme tu ulivyokuwa.

Ulivyokuwa ni hivi. Ulikuwa huingii ndani bila tope. Wanafunzi walikuita Mwalimu Tope, nawe ukaliitikia jina hilo hata mbele ya wakaguzi wa elimu. Suruali zako niliziloweka peke yake, na kabla ya kuziloweka nilipekua mifuko, maana kuna siku nilimzamisha konokono kwenye maji ya sabuni ukaninunia mpaka jioni. Vikombe vya nyumbani uliviwekea wadudu, ukisema ni kwa muda tu, kisha ukasahau. Wote tulijifunza kuchungulia kikombe kabla ya kumimina chai. Mama yako alikuwa akiwaambia wageni kwamba amejaliwa wana wawili, mmoja akamletea pesa ya sabuni na mwingine akamletea wadudu wote wa dunia.

Kwako darasa lilianzia mlangoni kwenda nje. Watoto walipima urefu wa miti kwa vivuli vyake. Walipokuambia jongoo ana miguu elfu, hukuwasahihisha. Uliwapa jongoo na kioo cha kukuzia, ukawaambia wahesabu wenyewe, ukaketi kivulini kuwasubiri. Mtoto aliyeogopa nyasi ndefu ulimshika mkono mpaka yeye mwenyewe alipokuachia. Hatukumbuki hata siku moja ukimcheka mtoto mwoga.

Kuna mzazi mmoja alikuja amefura, akilalamika kwamba mwanawe amerudi nyumbani na chura ndani ya kikopo cha chakula. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamuuliza kwa upole kama chura mwenyewe ni mzima. Yule baba alicheka bila kutaka. Baadaye ndiye aliyekuja na sepeto lake kutusaidia kuchimba shimo la mboji.

Siku ile kwetu palikuwa na manyunyu tu. Huko juu kijito kinakotoka, mvua ilikuwa imemwagika. Darasa la saba walikuwa nawe ukingoni, wakilisha samaki wadogo waliokuwa wakiwafuga ndani ya vizimba vya wavu tangu muhula uanze. Maji yalipobadilika rangi, ulielewa mara moja. Uliwapandisha watoto bila kelele, kila mmoja akimshika mwenzake, ukawahesabu langoni, wakatimia. Kila mzazi wa darasa lile alimpokea mwanawe mzima. Tunalisema hapa waziwazi kwa sababu wapo waliosema vingine.

Ndipo yule msichana uliyempa jina la Kerengende, kwa vile hakuweza kutulia mahali pamoja, alipokuuliza, "Mwalimu, na samaki wetu?"

Ulimkabidhi mtunza bustani wa shule watoto, ukamwambia, "Narudi sasa hivi." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, na hukutuambia sisi.

Mimi nilikuona dirishani. Nilikuwa nawafundisha wadogo kuandika herufi, nikakuona unapita umekunja suruali, unatembea haraka kama mtu aliyesahau ufunguo. Nikawaza habari ya suruali, kwamba leo tena italowekwa. Nikageukia ubao.

Mngurumo ulipokuja, madirisha yalitetemeka, na watoto wangu wakadhani ni lori. Mtunza bustani alikimbia na kamba. Alifika, akasimama nayo mkononi, hakuona mtu wa kumtupia. Ndugu yako, fundi bomba, ndiye aliyekukuta kesho yake asubuhi, kule kijito kinakopita chini ya barabara. Mtu ambaye maisha yake yote ameyaamuru maji yapite wapi na yasimame wapi, alikaa kando ya maji yale akiwa amekupakata, asikubali mtu mwingine akuguse mpaka mimi nilipofika. Zamani alikuwa akipiga mluzi kazini. Siku hizi hapigi, na wateja wake wameacha kumuuliza.

Vizimba vilivunjika vyote. Samaki walikwenda na maji. Pengine wako hai. Wao wanajua kuogelea.

Msibani watu wengi walituambia kwamba umekufa ukifanya ulichokipenda. Walisema kwa nia njema, nasi tuliwashukuru kwa midomo. Lakini tunawaomba wasituambie tena. Ulichokipenda ni kuvua viatu mlangoni na kuuliza ni nani aliyemaliza sukari. Ulipenda kubishana na kifungua mimba wako habari za mpira, na kushindwa, na kuanza upya. Ulipenda kujinyoosha kitini baada ya kazi na kusema mgongo huu sasa ni wa babu. Ulipenda kuishi. Hukupenda kufa hata kidogo.

Mama yako bado anakaa barazani saa za kutoka shule. Nikiingia uani peke yangu, macho yake hunipita, yakatazama nyuma yangu, kisha hujifanya anatazama barabara. Hatujawahi kulizungumza. Mimi nimeanza kuzungukia mlango wa nyuma, naye sasa amehamishia kiti chake huko.

Kifungua mimba wetu ameacha chuo cha ualimu. Alirudi na begi lake, akaliweka sebuleni, akasema hawezi kusomea kazi iliyomuua baba yake. Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nimefundisha muda mrefu, maneno sikosi. Nilimtazama usoni, ule ule uso wako, nikalichukua begi nikalipeleka chumbani kwake. Sasa anauza dukani, kwenye vitambaa, na akirudi hasemi lolote kuhusu siku yake. Kitinda mimba yeye anasema sana, ila si juu yako. Ukitajwa tu, anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimekwisha oshwa.

Ungetaka kujua habari za shule. Ungeuliza shule kwanza, kabla ya kutuuliza sisi, na tungekusamehe kama kawaida. Wazazi waliitisha mkutano. Mwalimu mkuu, rafiki yako, alisimama kukutetea wewe na kazi yako, akaketi kabla hajamaliza. Wakapiga kura. Lango la kijitoni limezibwa kwa matofali, na juu ya matofali wameongeza waya. Masomo ya nje yamefutwa, hata ya bustani, hata ya kupima vivuli. Siwalaumu wazazi. Mtu mzima aliyekijua kijito kile kama sebule yake amekufa ndani yake. Nani amwachie mwanawe?

Walimu wenzako wametawanyika. Yule wa hesabu mliyekuwa mkipima naye vivuli ameomba uhamisho. Yule wa kuchora amebaki, na amechora samaki wakubwa wa rangi kwenye ukuta wa darasa la saba, ili watoto wawe na kitu cha kutazama. Ni samaki wazuri. Wana kope. Ungewacheka mpaka ukae chini. Mtunza bustani bado anageuza mboji peke yake kila wiki, ingawa hakuna kitalu cha kuitia. Kazi yote mliyoijenga, wewe na wenzako, kwa miaka ya kubembeleza na kubezwa, imezikwa pamoja nawe. Hili ndilo linalotutafuna: kwamba umekufa, na kufa kwako ndiko kulikoiua.

Na Kerengende. Aliacha kuja shule. Hakuwa mgonjwa, alikuwa hasemi tu, wala hali vizuri. Mama yake, fundi cherehani, alinitumia ujumbe kwamba kama naweza nifike. Nilikawia, kwa sababu sikujua ningemtazama vipi mtoto yule. Kisha nikaenda.

Nilimkuta amejikunyata chini ya meza ya kukatia nguo, katikati ya vipande vya vitambaa. Mama yake alitaka kumwita atoke aniamkie. Nikamwambia amwache. Niliketi sakafuni, jinsi ulivyokuwa ukifanya wewe kwa watoto wenye huzuni, na magoti yangu yakalia, naye akayatazama. Mama alirudi kwenye cherehani yake akashona ili asionekane anasikiliza.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "nisingetaja samaki, angeshuka tena?"

"Angeshuka," nikamwambia. "Hata mngenyamaza nyote. Angefika darasani, angewakumbuka samaki, angeteremka. Nimeishi naye. Mtu yule hakuwahi kutumwa na mtu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Samaki wenyewe wangemwambia asije, angekwenda."

Cherehani ilisimama. Mtoto alitoka chini ya meza, akaniegemea, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mama yake naye akalia amejifunika uso kwa nguo ya mteja. Nilitoka pale nimewaacha wakinywa uji. Nilijua nimefanya kazi niliyoiendea.

Njiani sikufika mbali. Nilikaa kwenye ukuta mfupi mbele ya kinyozi, watu wakinipita. Kwa maana sikumdanganya mtoto. Yote niliyomwambia ni kweli, nami sikuwahi kuyasema kwa sauti. Kumbe mwaka mzima nilikuwa natafuta pa kuuweka msiba huu: kwa mtoto aliyeuliza, kwa mtunza bustani aliyekuacha uende, kwa mvua iliyonyesha mbali, kwangu mimi niliyegeukia ubao. Hapana pa kuuweka. Ningefungua dirisha nikakuita, ungenipungia mkono, ungeniambia unarudi sasa hivi. Hakuna aliyekutuma, na hakuna ambaye angekuzuia. Kwa mtoto maneno yale yalikuwa dawa. Mimi yamenivua hata hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha asubuhi.

Kerengende amerudi shule, analirudia darasa la saba. Anakaa dawati la nyuma, karibu na ukuta. Anafanya kazi zake vizuri, anaitika akiitwa. Ametulia sasa. Walimu wapya wanamsifu kwa utulivu wake, nami nikisikia hivyo hutoka nje ya chumba cha walimu nikasimama ukumbini.

Wenzetu wanaoandika kumbukumbu kama hii humalizia kwa kusema wamekubali. Nilipokuwa nasoma rasimu hii mezani, nilimuuliza mama yako kama tuandike hivyo, kwa heshima ya wasomaji. Akauliza tumekubali nini. Kwa hiyo hatuandiki.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, aliye kwenye kiti chake. Na ndugu yako, fundi bomba, na mkewe. Na binti zako wawili, aliye dukani na aliye jikoni. Na shangazi na wajomba wa pande zote mbili. Na mwalimu mkuu, mtunza bustani, na wale wachache waliobaki chumba cha walimu. Na watoto waliokuwa darasa la saba mwaka ule, kila mmoja wao. Unakumbukwa na mimi mkeo, kila asubuhi, kabla sijafungua macho.

Hatutakusahau, hata pale tutakapotamani sana tungeweza kusahau.