Kijani Kilichomeza Ikombe

Jumatatu, 15 Machi 1999

Mvua tangu alfajiri. Nimebishana na mbuzi kuhusu kamba. Mbuzi kashinda.

Tusa bado kainamia makaratasi yake. Wiki ya pili sasa. Huyu mjukuu wangu anasoma kompyuta chuoni Mbeya, kaja huku kwa mafunzo ya vitendo, kaitengenezea zahanati programu. Unaipa jina la kijiji, inakutajia watoto ambao hawajachanjwa. Ipyana inaleta. Makwale inaleta. Ikombe, kimya. Watoto wa Ikombe wamo, kawaandika mwenyewe mmoja mmoja. Programu inawapita kama hawakuzaliwa.

Ijumaa anapanda basi. Jumamosi anakabidhi kazi. Akikabidhi hivi ilivyo, anarudia mwaka. Hali ugali sawasawa. Nimemtania kuhusu wachumba, hakucheka. Hapo nikaogopa.

Jumanne, 16 Machi

Mjini kwa Salimu, mwenye duka la stesheneri. Asili yao pwani, ila matusi ya Kinyakyusa anayajua kuliko mimi. Ana kompyuta moja na printa.

Chuo kinataka programu yote kwenye karatasi, kila mstari, tena kwa rangi. Maneno ya amri bluu. Maneno yatakayotokea kwenye kioo cha kompyuta mekundu. Maelezo ya pembeni kijani. Mwalimu wao anasema bila rangi ni msitu, macho yanapotea. Chuoni kuna programu inayopaka yenyewe, ila printa ya Salimu ina wino mweusi tu. Aliagiza wa rangi kutoka Mbeya. Umefika leo. Hauingii kwenye printa yake. Kajaribu kuusukuma kwa kijiko.

Zikatoka kurasa thelathini na moja, nyeusi tupu. Tusa kasimama nazo kama mtu kapewa maiti ashike.

Salimu akasema, "Mzee, si wewe uliyepaka meli nzima peke yako? Paka na hizi basi."

Duka zima likacheka. Nikasema hata nikifumba macho. Tukanunua penseli za rangi.

Ukweli niuandike hapa, humu hakuna anayechungulia. Nilipaka mlango wa choo cha meli. Upande mmoja.

Jumatano, 17 Machi

Barazani kutwa nzima, mkeka chini, mvua nje. Tusa anashika bluu. Mimi nyekundu na kijani.

Kanipa sheria. Nyekundu, kila kilicho kati ya vijialama viwili vidogo vinavyoning'inia juu. Kijani, kuanzia alama iliyopinda kama ndoano mpaka ndoano mwenzake inayofunga.

"Usifikiri, babu. Fuata tu."

Imeniuma. Kusoma nilijifunza ukubwani, elimu ya watu wazima, mvi tayari zipo. Bado nasoma kwa kidole. Lakini mtu kuambiwa asifikiri, na mjukuu aliyemfundisha kujifuta makamasi. Nikachonga penseli.

Baadaye nikamuuliza hayo maneno ya kijani ni ya nini. Kasema mashine haiyasomi. Inayaruka. Ni mtu anajisemea mwenyewe, ili kesho akumbuke jana alikusudia nini. Nikasema huo ni uchizi, unaandikaje kitu asichosoma mtu. Akaangalia hili daftari langu. Mjanja.

Kurasa kumi zimekwisha. Mgongo umekwisha pia. Naanza kuona umbo lake. Bluu ni nguzo za nyumba. Nyekundu ni mdomo wake. Kijani ni minong'ono.

Alhamisi, 18 Machi

Leo tumegombana.

Ukurasa wa kumi na mbili una vijiji. Kila kijiji kina maelezo yake ndani ya ndoano, halafu chini yake amri yake. Ipyana, maelezo maneno matatu. Nikapaka. Ikombe, maelezo marefu. Nenda kwa mtumbwi. Ziwa likichafuka subiri. Ukifika ulizia kwa akina mama wafinyanzi. Nikapaka kijani, nikapaka, nikatafuta ndoano ya kufunga. Haipo. Nikaendelea. Nikapita juu ya bluu yake Tusa, nikaingia kwenye maelezo ya Makwale, hapo ndipo nikaikuta ndoano. Nikasimama.

Akaja na chai. Akaona.

"Babu, umeniharibia ukurasa. Umepaka mpaka amri."

Nilikasirika. Nikamwambia sheria ni yake, mimi nimekatazwa kufikiri. Akasema hana muda wa utani. Nikasema sitanii. Kwa mara ya kwanza mwaka huu, labda.

"Nionyeshe ndoano ya Ikombe inapofunga."

Akaweka kidole. Akashuka nacho mstari kwa mstari. Kikafika Makwale, kikarudi juu, kikashuka tena. Akakaa chini kwenye mkeka. Akacheka, kisha akalia, chai ikapoa.

Basi kumbe. Alijieleza mno habari ya mtumbwi na ziwa akasahau kufunga. Vijiji vya barabarani havina maelezo mengi, huko hakusahau. Mashine ikadhani na amri ya Ikombe ni kujisemea tu. Ikairuka. Yeye anajua alichokusudia, kwa hiyo macho yake yaliiona ndoano isiyokuwepo. Mimi sijui lolote, nikaona hakuna.

Akasema "ndaga fijo, babu", asante sana, mara mbili. Nimefurahi vibaya. Nimetamani kupiga kelele mpaka Malawi.

Ijumaa, 19 Machi

Asubuhi umeme haukuwepo. Tumekaa kwa Salimu tukiangalia kioo cheusi. Tusa anatafuna kucha. Basi saa tisa.

Saa saba umeme ukarudi. Kafunga ndoano, alama moja tu, mguso wa kidole. Kaandika Ikombe. Majina yakashuka, watoto wa Ikombe wote, mstari chini ya mstari. Salimu hakujua tunatazama nini.

Ukurasa ukatoka upya, wa mwisho kupakwa. Nikaupaka juu ya boksi la karatasi. Kijani kikaishia kinapotakiwa.

Stendi akaniambia atamweleza mwalimu kwamba aliyeona ni mimi. Nikamwambia asubiri kwanza apate alama zake. Kasema atasema tu. Mkaidi kama bibi yake.

Jumapili, 21 Machi

Baada ya ibada watu wamenizunguka nje kama kawaida yao, wanataka kisa. Salimu kashaeneza habari za penseli. Wakaniuliza, mzee, tuambie, kompyuta umeishindaje.

Habari nilikuwa nayo mdomoni. Miaka yote nawauzia hadithi za viboko niliowaua kwa mwiko, na leo nina kisa cha kweli. Nikamfikiria Tusa. Watasema msomi wetu kazi yake karekebishiwa na babu asiyemaliza hata darasa moja. Wangeisema miaka, na wangeipamba, maana mimi ndiye niliyewafundisha kupamba.

Nikasema nilichonga penseli tu. Mtoto alifanya yote mwenyewe.

Wakanitazama. Mmoja akasema leo mzee anaumwa, mpelekeni nyumbani.

Mke wangu kasikia, kanichemshia mchaichai. Nimekunywa wote. Mvua imepungua kidogo.