Taja Jina la Mwenye Mpira

Molenbeek, Bruxelles
9 Oktoba 2024

Kwako ndugu yangu Burhani,

Salamu nyingi kwako, kwa mke wako, na kwa watoto kama Mungu amekujalia. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi. Nimesikia ziwa limepanda tena huko Kalemie na kuingia kwenye nyumba za chini. Natumaini halikufika kwenu.

Najua ukiona jina langu utatamani kufunga kompyuta. Soma kidogo kwanza, kisha funga. Anwani yako nimeipata kwenye ukurasa wa shule, pale kwenye picha ya walimu. Umekonda, na hizo mvi sikuzitegemea, mwalimu wa hesabu.

Nina shida ya mpira wa kikapu. Ninafundisha wasichana wa miaka kumi na minne na kumi na mitano hapa Molenbeek, katika ukumbi ulio karibu na mfereji. Wanajua kukimbia na wanajua kufunga. Pasi ndiyo hawana. Kila mmoja akipata mpira anaukumbatia kama mtu aliyekamata kuku wa jirani. Mbaya zaidi, wawili walio bora, Océane na Amira, wamegombana tangu likizo kubwa, sababu hawaisemi, na sasa hawapeani mpira kabisa. Océane anasimama peke yake chini ya kikapu, mikono wazi. Amira anamwona vizuri, kisha anageuka na kumpa mwingine aliyezungukwa na watu watatu. Tumefungwa mechi nne mfululizo.

Nimejaribu yote ya kawaida: pasi ya kifuani, pasi ya kudundisha, kucheza bila kudunda, kuhesabu pasi kumi kabla ya kurusha kikapuni. Hesabu inaishia nne. Nikakukumbuka wewe. Pale uwanja wa misheni wewe ndiye uliyekuwa ukitoa pasi, mimi nilikuwa napokea tu na kupigiwa makofi.

Hapo kuna neno lingine. Tangu baba yangu alipokufa kazini kule reli, na Maman yako akanichukua nikiwa na miaka minane, tulikula sahani moja mimi na wewe. Halafu ikaja mechi ya Lubumbashi, mwaka 2008. Dakika ya mwisho ulikuwa huru chini ya kikapu na nilikuona. Nikaushika mpira, nikafunga mwenyewe, na yule mzungu aliyekuja kuchagua wachezaji akaandika jina langu. Najua ndiyo sababu umeninyamazia miaka hii yote. Nisamehe, Burhani. Nimelala na pasi ile miaka kumi na sita.

Ndugu yako,
Nday


Kalemie
17 Desemba 2024

Nday,

Salamu. Hatujambo. Maji yalifika kizingitini yakarudi. Nina mke na wasichana wawili, wote wazima.

Umeuliza kuhusu pasi, nitajibu kuhusu pasi.

Chukua wachezaji watano na mpira mmoja, na watatu wa kuwazuia. Ni marufuku kudunda. Anayetaka mpira lazima ataje jina la yule aliye nao. Asiseme "hapa", asiseme "mimi", asipige makofi. Jina tu. Asipotajwa jina, mwenye mpira asiuachie hata kama atazeeka nao. Hao wawili wako watanyamaza kwa kiburi. Na wewe nyamaza. Usiwasaidie, usifanye utani. Una tabia ya kujaza kila kimya kwa maneno yako, na mchezaji hajifunzi kitu hapo.

Angalia vidole. Anayepokea aonyeshe vidole kumi kabla mpira haujatoka. Anayetoa apige hatua moja kumwelekea mwenzake, na akimaliza vidole gumba vyake vitazame chini. Mpira uende kwenye mkono ulio mbali na mlinzi, si kifuani kila mara kama tulivyofundishwa. Ukiwaona wanapasi kwa nguvu sana, ujue wana hasira, si ufundi.

Fanya hivyo wiki sita. Hapa kwa wanafunzi wangu ilichukua nane, lakini uwanja wetu una mashimo.

Hayo ya Lubumbashi usiyaandike tena. Na usinipigie simu.

Burhani


Molenbeek
22 Januari 2025

Kwako ndugu yangu Burhani,

Salamu za mwaka mpya, kwako na kwa mama watoto na hao mabinti wawili ambao hukuniambia hata majina yao. Mimi naendelea. Baridi ya hapa mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno.

Nimefanya ulivyosema. Jumatano ya kwanza Amira alikuwa na mpira, Océane huru kabisa, na hakuna aliyefungua mdomo. Walisimama hivyo dakika saba, nilitazama saa ya ukutani. Wengine walikaa chini. Mmoja akaanza kufunga viatu upya. Mimi nilijiuma ulimi kama ulivyoagiza, na haikuwa rahisi, unanijua.

Wazazi wanakaa kwenye benchi na makoti yao. Maman Thérèse, mama yake Océane, ni mtu wa Kinshasa, ila mume wake ni wa Lubumbashi, basi Kiswahili anakiweza. Siku ile alinisogelea na kusema: "Coach, mutoto anarudiaka ku nyumba anasema weye uko unabapatia pasi. Bon, mimi niko muntu ya Kin. Kwetu, ku Lingala, pasi ni mateso. Donc ninamutuma huku kila mercredi umutese?" Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, lakini njiani nikirudi kwenye metro neno lile halikuniacha. Miaka yote napiga kelele "pasi, pasi", na nusu ya wazazi wanasikia naomba mateso.

Jumatano ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, leo, Océane alisema. "Amira." Alilitema kama mbegu ya pera, lakini alilisema, na vidole vyote kumi vilikuwa nje. Amira akamtazama kidogo, akapiga hatua, akampa. Pasi yenyewe ilikuwa mbaya, ilimpata Océane begani. Hakuna aliyelalamika.

Nimekaa hapa nakuandikia na furaha kidogo, na sina wa kuigawana naye. Ndiyo maana nakuomba tena. Mwisho wa barua yako uliandika jina tu, kama anayetia sahihi risiti. Kama ile pasi ya Lubumbashi bado iko kooni mwako, niambie nifanye nini. Nitafanya.

Ndugu yako,
Nday


Kalemie
3 Machi 2025

Nday,

Salamu. Mke wangu aliugua malaria, sasa amepona. Mabinti wanaitwa Imani na Pétronille.

Nimefurahi kwa huyo msichana. Sasa waambie wasitaje jina kwa sauti ya kuamrisha. Anayeamrishwa hutoa mpira haraka, na vibaya.

Nilikukataza kuandika habari za Lubumbashi na umeandika tena, basi nikujibu ili iishe. Sikukasirikia ile pasi. Hata mimi ningeufunga mwenyewe. Jina lako lilipoandikwa kwenye karatasi ya mzungu nilikubeba mabegani mpaka kwenye basi, umesahau? Niliposoma kwamba umelala na pasi ile miaka kumi na sita nilicheka peke yangu ofisini, na haikuwa kicheko kizuri.

Ni Maman. Kila Jumapili baada ya misa yako ulikuwa unampigia simu. Yeye Mwislamu, lakini alijua saa ya misa ya Bruxelles kuliko saa ya sala zake. Mwaka 2015, alipolala kitandani asiinuke tena, ukaacha kupiga. Nilikuandikia mara tatu kwenye simu. Niliandika: anakufa, anaitaka sauti yako. Alama zote zikageuka buluu. Ulisoma, Nday. Mwezi mzima alilala na simu kifuani, na mimi nikawa namwambia mtandao ni mbaya.

Ulikuwa wapi? Nijibu hilo tu, bila utani.

Burhani


Molenbeek
4 Machi 2025

Burhani,

Nimefurahi mke wako amepona. Nisalimie Imani na Pétronille.

Nilikuwa Matonge, hapa hapa Bruxelles, kwenye jiko la mgahawa, naosha sufuria. Sikuwa na karatasi za kukaa nchini. Nilipata karatasi mwaka 2019.

Ngoja niseme yote, maana nikiacha sasa sitasema tena. Sikuwahi kucheza mpira Ulaya. Yale majaribio yalikuwa ya wiki mbili. Siku ya tisa goti likageuka, wakanipa barafu na tiketi ya kurudi. Sikurudi. Ningerudije, mmenibeba mabegani? Jumapili ya kwanza Maman aliniuliza nimefunga vikapu vingapi, nikasema kumi na viwili. Akacheka kwa furaha. Jumapili iliyofuata nikasema kumi na sita. Nikatunga timu, nikatunga wenzangu, nikatunga mchezaji mmoja mrefu mjinga ambaye kila wiki namwangusha. Alimpenda sana yule mrefu. Alikuwa anauliza, "Na ile mulefu, leo ulimufanya nini?" Miaka saba, Burhani. Ilikuwa saa yangu nzuri ya wiki.

Uliponiandikia anakufa, nilikaa na simu kwenye ngazi za nyuma za mgahawa. Kumdanganya mtu anayekufa sikuweza. Kumwambia ukweli pia sikuweza. Nikazima simu. Hiyo ndiyo sababu yote. Najua haitoshi.

Na nilipokuandikia Oktoba nikakudanganya na wewe. Mimi si kocha. Mimi ndiye mfagiaji wa ukumbi, ninafungua, ninafuta jasho sakafuni, ninafunga. Kocha ni Madame Rolande. Mwaka jana aliniona narusha mpira peke yangu, tangu hapo ananipa robo saa ya pasi kila Jumatano. Maman Thérèse ananiita coach kwa ukarimu wake. Océane na Amira ni wa kweli, zile dakika saba ni za kweli, na mbinu yako imefanya kazi kweli.

Unichukie kwa sababu iliyo sahihi. Hata hilo litanipunguzia.

Ndugu yako,
Nday


Kalemie
30 Machi 2025

Nday,

Salamu. Sisi wazima. Mvua hazijaacha.

Nimekaa na barua yako karibu wiki nne. Umesema yako yote, na mimi nina yangu, nayo ni mabaya kuliko yako.

Maman hakufa bila kusikia sauti yako. Nilichoka kumwambia habari za mtandao. Jumapili moja niliazima simu ya jirani, Hassan, nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga namba yangu mwenyewe, na mke wangu akamwekea Maman simu sikioni. Nikasema "Maman eee", nikivuta kama unavyovuta wewe. Macho yake yalikuwa yamekwisha na masikio nusu. Aliamini. Nikamwambia nimefunga vikapu kumi na vinne. Akauliza habari za yule mrefu. Sikumjua mrefu yeyote, nikasema ameangukia meza ya mwuza vinywaji, chupa zote zimemwagika. Maman akacheka mpaka akakohoa. Jumapili ya pili nikafanya tena. Nilikuwa nimetunga jambo zima tangu Alhamisi, la mrefu na mwamuzi. Nakiri nilifurahia.

Jumapili ya tatu hakuuliza vikapu. Alisema hivi, na sijabadilisha neno: "Nday, mutoto wangu, ni weye njo ulinipatiaka furaha. Burhani iko muzuri, ananiosha, ananilisha, lakini iko na uso ya muntu mwenye kuhesabu. Ninamuogopaka. Weye ukiongea, ninacheka. Mungu akiniuliza mutoto wangu ni nani, nitataja weye."

Nilikuwa nimesimama pale nyuma ya jiko na simu ya Hassan mkononi. Nikajibu kwa sauti yako: "Ndiyo, Maman." Kisha nikarudisha simu, nikaingia ndani, nikamgeuza na kumwosha mgongo, maana ilikuwa saa yake. Alikufa Jumatano.

Maneno hayo alikupa wewe na nimeyakalia miaka tisa. Nilijiambia hustahili kwa sababu ulinyamaza. Si kweli. Nilikuonea wivu, na kila nilipotaka kukuandikia nilijisikia tena nikisema "Ndiyo, Maman". Sasa umeyapata. Ni yako.

Usiniandikie mpaka nianze mimi. Sijui kama nitaanza.

Burhani


Molenbeek
16 Aprili 2025

Kwako kaka yangu Burhani,

Natumaini mvua zimepungua na nyumba ni kavu. Mimi mwili ni mzima.

Umenikataza kuandika, na najua ninavunja. Nitaandika hii moja kisha nitanyamaza.

Hapa mambo yamepoa. Familia ya Amira imehamia Liège mapema mwezi huu, baba yake amepata kazi huko. Océane alibaki na ile tabia ya kutaja majina, anayataja yote, hata ya wale wasio na mpira. Madame Rolande anasema msimu ujao hakutakuwa na robo saa yangu, atakuja kijana mwenye cheti. Sikubishana.

Maneno ya Maman nimeyasoma mara moja. Sikuweza mara ya pili. Nililia kwenye chumba cha mipira, mlango umefungwa, kisha nikafagia.

Lakini Burhani, nilipokuwa nafagia nilifikiri. Yule Nday ambaye Maman alimpenda hakuwahi kuwepo. Nilimtunga kwenye ngazi za mgahawa, mikono ikinuka sabuni. Mimi halisi hakunijua, kama angenijua sijui angesema nini. Meza ya mwuza vinywaji si mimi niliyeitunga. Wala kile kisa cha mwamuzi. Mwezi ule wa mwisho simu yangu ilikuwa imezimwa, nilikuwa Matonge na sufuria zangu. Aliposema "weye ukiongea, ninacheka", aliyekuwa akiongea ni wewe. Jumapili tatu zile, aliyemchekesha Maman ni wewe.

Sijui kama hilo linakusaidia kitu. Mimi limeniuma, maana nilitaka sana maneno yale yawe yangu.

Mdogo wako,
Nday