Mihogo Niliyoambiwa Nichome

Mbagala, Temeke

Kaka yangu Salum,

Shikamoo. Naitoa kwa ajili ya umri wako, si kwa lile ulilolitenda. Mama hajambo? Magoti yake je, yanamruhusu kufika kisimani? Mie mwili ni mzima, ila moyo umejaa nyongo, na leo naimwaga yote. Kaa chini usome mwenyewe.

Barua yako niliipata, pamoja na yale majani ya muhogo uliyoyakunja ndani yake. Unasema shamba zima la Mama majani yamejikunja, yana mabaka ya njano, na mizizi ni kama vidole. Unasema sababu umeshaijua: siku ya kupanda, mkeo Zainabu alipewa pingili na Mama, akasema "asante". Kweli, kwetu mtu akipewa mbegu hashukuru, anapokea kimya, ati mbegu ikishukuriwa inakataa kuzaa. Lakini kwao Songea hawana mwiko huo. Mwenzio katumia adabu aliyofunzwa na mamake, wewe ukampa talaka! Halafu majani ukanitumia mie kuwa ushahidi. Haya, ushahidi wako nimeupima.

Kazi yangu unaijua, naosha vichupa kwenye maabara ya magonjwa ya mimea. Nilimwomba fundi wetu ayatie majani yako kwenye kipimo pamoja na yale ya maabara. Akaniita nitazame. Chini ya taa ya zambarau iling'aa mistari miwili. Nikamuuliza, mbona miwili na ugonjwa ni mmoja?

"Kirusi hiki, dada, maelekezo yake hayakai pamoja," akaniambia. "Yamegawanywa kwenye pete mbili ndogo mno, kila moja na ganda lake. Moja inajua kujizidisha na kutengeneza ganda. Nyingine inajua njia ya kutoka chembe moja ya mmea kwenda ya pili. Moja peke yake haiumizi shamba. Sasa inzi mweupe akinyonya jani bovu anazibeba zote, anakwenda kuzitua kwenye jani zima."

"Na maneno ya mtu je, yanaweza kuuleta?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Maneno? Unaletwa na inzi, au na pingili zenye ugonjwa. Basi."

Mie sikupata kucheka. Bosi wetu, tunamwita Daktari, aliingia, akainama juu ya ile taa, akalinganisha na picha zake.

"Aina hii ni ya shamba letu la majaribio kule Mbezi," akasema. "Kusini hatujaiona kabisa. Majani haya yametoka wapi?"

Nikamwambia nimeyaokota njiani. Nilidanganya, kaka. Maana kiangazi kilichopita niliambiwa nikate mstari mmoja wa mihogo kule Mbezi nikauchome moto. Majani yalikuwa yamepukutika, miti imenyooka, minene, haina hata doa. Nikamkumbuka Mama anavyohangaika na mbegu kila mwaka. Nikaona kuichoma ni kufuru. Nikafunga gunia, nikampa utingo wa basi la Lindi awaletee huko nyumbani. Kumbe mstari ule waliuwekea inzi weupe makusudi, wapate kuutazama ugonjwa unavyokwenda. Ndizo zile pingili mlizopanda.

Umeona? Zainabu alitamka neno moja. Mie nilileta gunia zima, na mkanisifu. Sasa mie utanipa talaka gani?

Sikufichi, nilitaka kunyamaza. Hapa kazini wanapunguza watu, na Daktari akijua sikuchoma, jina langu litakuwa la kwanza. Lakini wiki iliyopita Zainabu kabisha hodi hapa kwangu na kifurushi kimoja. Babake kamkataa. Kamwambia mwanamke mwenye mkosi hamwingizi kwenye nyumba yake. Hana pengine pa kwenda isipokuwa kwa wifi yake, mie niliyemponza. Nimemwambia yote.

Eda yake imebaki mwezi mmoja, unaweza kumrejea. Njoo. Ila kwanza ng'oeni mihogo ile yote mkaichome, na mpite kwa kila jirani aliyeomba pingili kwa Mama. Usifanye kama mie, kaka, simama pale mpaka iwe majivu. Halafu wakusanye watu uwasomee barua hii. Jina langu nimeliandika kwa mkono wangu, na ikifika kwa Daktari, na ifike. Aibu nimechagua kuibeba, kwa nini nikuache wewe msafi?

Msalimie Mama, mwambie mwanawe ndiye aliyemuulia shamba. Msalimie mjomba aliyekuwa shahidi wa talaka, naye aje ashuhudie na hili. Na yule bibi jirani wa kisimani, ambaye Zainabu kaniambia ndiye aliyekutia neno la mkosi sikioni, msalimie sana.

Jana nilimpa Zainabu bakuli la uji. Alifungua mdomo, akaufunga, akapokea kwa mikono miwili, kimya. Siku ya tisa leo. Nimempa mkeka, nimempa khanga, nampa maji ya kuoga kila jioni, na hajasema asante hata mara moja. Anaogopa. Umemfunza vizuri, kaka.

Mimi nduguyo mwenye kosa,
Mwanaidi