Bucha Tano na Hakuna wa Kuuza Chumvi

Bondeni,
S.L.P. 2217,
Nakuru.
9 Februari, 2025

Mpendwa Kaka Gachanja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mume wangu Kigen, na kwa mpwa wako Kimberly ambaye siku hizi ana meno na anayajaribu kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na hilo joto la Doha limepunguza ukali. Na mgongo je? Ulisema kitanda cha kampuni kinakuumiza. Tandika chini ulale kama unavyolala kwa Mama, utaona. Sisi hatujambo. Kimberly alishikwa na homa wiki iliyopita lakini alipona kabla sijamaliza kulia.

Najua unashangaa ni nani bado anaandika barua. Nimempa Sue akuletee, maana anarudi huko kazini Jumanne, na kwa simu wewe hunisikii. Nikianza kuongea unasema ngoja kwanza. Nikikutumia sauti unasikiliza mwanzo, halafu unanijibu kwa kidole gumba. Karatasi haiwezi kuambiwa ngoja. Kaa chini, usome mpaka mwisho, ndio ukasirike.

Ni haya maneno ya plaza, yale maduka ya kando ya barabara kuu ulikonunua lako kwa kuona picha.

Kwanza niseme ukweli. Duka uliloliona kwenye picha lipo. Ukuta ni mzuri, mabati hayavuji, choo kina maji. Ile miti ya kwenye picha haipo, na yule mwanamke wa kusukuma kikapu cha magurudumu bado hajafika, lakini duka lako lipo na ufunguo ninao mimi. Hakuna aliyekuibia. Kungekuwa na mwizi ningejua nimkasirikie nani. Sasa inabidi niwakasirikie watu wazuri, na wa kwanza ni wewe.

Unakumbuka ulivyotukataza kumwambia mtu tutafungua biashara gani, hata kanisani? Ulisema watu wa huku wakisikia wazo lako kabla halijaota, wanalihamisha kwao. Tukanyamaza. Mama mkwe wangu nilimficha mpaka akaniuliza kama nina mimba nyingine.

Basi siku ya kufungua tulikusanyika pale, wenye maduka wote na jamaa zao, wamevaa kama watu wa harusi. Mchungaji akaomba, tukasema amina, kisha kila mtu akaenda kuvuta kitambaa kilichofunika ubao wake. Akaanza Mzee Mathenge, yule aliyekuwa dereva wa lori. Ubao ukasema KIKOPEY NDOGO BUCHA. Watu wakapiga makofi. Akafuata mama mmoja wa Njoro anaitwa Chepchirchir: KIKOPEY ASILI, NYAMA CHOMA. Makofi yakapungua. Wa tatu ni KIKOPEY YA NAKURU. Hapo mtu alikohoa tu. Wa nne sitaki hata kukuambia. Wa tano alikuwa ameshika kitambaa chake, akakiangalia, akawaangalia wenzake, akasema polepole, "Mchungaji, hebu tuombe tena."

Kaka, bucha tano. Zimepangana bega kwa bega kama wanakwaya. Kila mmoja alipita Kikopey siku moja, pale wasafiri wanaposimama kula nyama choma, akala mbavu, akaona vile magari yamejaa, akarudi nyumbani na siri. Siri ile ile moja, ile ile yako. Wangeambiana hata kidogo tu, hata kwa kuteta, tungekuwa na duka la dawa leo.

Ubao wako wewe haukuwepo kwa sababu fundi wa kuandika alichelewa, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru fundi kwa kuchelewa. Chepchirchir akanigeukia akaniuliza, "Na nyinyi mama Kimberly, mnafungua nini?" Nikamwambia bado tunaomba.

Nilipokupigia nikakueleza, ulicheka. Ukasema hata Kikopey wako wengi na wote wanakula, kwa hiyo tuwe wa sita, tutoboe mabati tuweke bomba la moshi, na tupike vizuri kuliko wao. Nimeyafikiria hayo maneno yako nikifua, nikipika, nikimnyonyesha mtoto, na kila nikiyafikiria hasira inapanda upya. Kikopey mtu anafika akiwa ametoka mbali na njaa inamuuma, na bado ana safari. Hapa kwetu anayetoka Nakuru ametoka kula, na anayekuja Nakuru anaona mji uko pale mbele, anasema acha nifike nyumbani. Magari yanapita, Kaka. Yanapita vizuri kabisa. Wenye bucha wanasimama barabarani na aproni nyeupe wakipunga mikono kama watu walioachwa na gari la msiba.

Siku moja Mzee Mathenge alipata wateja, wanaume watatu waliokuwa wameharibikiwa na gurudumu. Tulifurahi wote, hata washindani wake. Nyama ikaiva, ikakatwa, ikaletwa kwenye ubao, halafu ikaonekana hana chumvi. Ilikuwa imeisha. Akaenda kwa Chepchirchir, naye akawa ameshamtuma mtu wa boda mjini alete chumvi na nyanya, na huyo mtu hajarudi. Mmoja wa wale wateja akatafuna kidogo, akamuuliza, "Mzee, hii nyama uliipikia mgonjwa?" Wenzake wakacheka. Mathenge naye akacheka, lakini nilimwona akifuta uso na aproni, na haikuwa jasho.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwako na mtoto mgongoni, nikitazama. Nikaona kitu kimoja hakiuzwi pale. Halafu nikaona si kimoja tu, ni karibu kila kitu isipokuwa nyama. Kuna mbuzi wa kutosha kulisha kaunti, na hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna makaa, hakuna unga wa ugali wa hiyo nyama. Na nyuma ya plaza, kule ambako kwenye picha walichora nyasi, kuna nyumba za kupanga zinaota kila mwezi. Wanawake wanatoka huko na watoto wao wananiuliza kama nina daipa, kama nina maziwa, kama nina kiberiti. Wananiuliza mimi, na nimekalia duka tupu lenye kufuli mpya.

Nilidhani ukisikia hivyo utatulia. Kumbe Ngigi alikuwa amekufikia kabla yangu.

Ngigi ni yule ajenti wa kuuza plaza, mwenye viatu vyenye ncha. Si mtu mbaya, ana heshima na anambeba Kimberly bila kuogopa shati lake. Lakini anaamini maneno yake mwenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo. Alinipeleka nyuma ya maegesho, akanyoosha mkono juu ya miiba na mbuzi wa watu, akaniambia hapo ni supamaketi, pale ni petroli, hapa ni mahali pa watoto kuteleza. Akasema ploti hiyo inakua hata tukiwa tumelala, na anayeingia sasa kwenye sehemu ya pili ya plaza ndiye atakayecheka. Nilimuuliza sehemu ya kwanza itaanza kucheka lini. Akasema, "Mama Kimberly, wewe una imani ndogo." Nina imani nyingi sana, Kaka. Nimeolewa na mtu wa kazi ya msimu na nimezaa. Hiyo si imani?

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya ninunue karatasi.

Jumamosi nilienda Longonot kumwona Mama. Nilimkuta ameketi nje anapiga rangi viatu vyake, vile vyeusi vya kumzika Baba. Nikafikiri kuna mazishi. Akaniambia hapana, ni vya kwenda kwa bodi ya ardhi. Ngigi alimpigia simu akamwambia wewe umekubali shamba liuzwe, pesa zinunue maduka mengine mawili ya sehemu ya pili, na kwamba Alhamisi ya wiki ijayo anatakiwa asimame mbele ya bodi aulizwe kama anauza kwa hiari na kama familia imekubaliana. Akaniambia mimi ndiye wa kumsindikiza nikaseme familia imekubaliana. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimekubali.

Nilimuuliza kama anataka kuuza. Aliendelea kupiga rangi. Kisha akasema, "Gachanja ni kijana wangu. Kama amesema, ni kwa sababu ameona mbali."

Hakusema anataka. Ujue hivyo. Nilimuuliza mara ya pili na mara ya tatu, akanijibu kuhusu wewe, hakujibu kuhusu yeye.

Nikamuuliza atakaa wapi. Akasema Ngigi amemwambia atakaa mjini kwangu, karibu na hospitali. Kwangu, Kaka, unakujua? Ni chumba kimoja, na jikoni ni pembe. Mama atawekwa wapi, juu ya kabati? Tukiwa bado tunaongea punda milia wakaingia kwenye mahindi, Mama akaruka na kifuniko cha sufuria akawafukuza mpaka kwenye reli, akawatukana kwa majina, maana amewapa majina. Alirudi anahema na anacheka. Nikatazama lile tangi la maji ulilomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza, bado analipangusa vumbi kila Jumapili kama ni gari.

Sikulaumu kwa kuota. Wewe unalala chumba kimoja na watu wengi, unasimama siku nzima ukiwafungulia watu milango ya hoteli, na nafikiri ungependa siku moja kuwe na mlango wako. Upo. Mlango wako upo, nimeukalia. Lakini usimtoe Mama kwenye wake ili upate wa pili na wa tatu. Na mimi nikisimama mbele ya hiyo bodi nikaulizwa kama familia imekubaliana, sitaweza kusema ndio. Nitasema hapana mbele ya watu wa serikali, na Mama ataaibika, na wewe utanichukia. Sitaki hayo yote. Ndiyo maana nakuandikia mapema.

Kuna jingine, na hili ulichukulie polepole. Fundi wa bomba la moshi alikuja wiki mbili zilizopita kama ulivyomwagiza. Alikuwa ameshapanda juu ya mabati na ameshika patasi. Nikamwambia ashuke. Akaniuliza nani amesema, nikamwambia mimi. Nikampeleka ndani nikamwonyesha ukuta, nikamwambia apige rafu kutoka hapa mpaka hapa. Amezipiga, ni imara, nimezikalia mwenyewe kuzipima.

Kwa hiyo duka lako limefunguliwa, Kaka. Lina chumvi, nyanya, vitunguu, makaa, unga, kiberiti, maziwa, na daipa za saizi zote. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Mathenge, hakusalimia hata, alisema tu "chumvi" akanyoosha mkono. Wale wa bucha tano wote wananunua kwangu, na kwa mara ya kwanza wanaongea, kwa sababu wanakutana mlangoni kwako. Chepchirchir ameanza kusema labda yeye aache nyama auze chai na mandazi. Amesema kwa sauti, mbele ya wenzake. Nilitaka kumkumbatia. Jioni wanawake wa kule nyuma wanakuja na watoto, tunajaa mpaka barazani. Wale wa magari bado wanapita, wacha wapite. Wanaotuletea riziki wanakuja kwa miguu.

Ubao wako ulikuja pia, umechelewa kama ada. Fundi alikuwa ameshachora mbuzi, tena mbuzi mzuri, ana ndevu. Akauliza amfute. Nikamwambia amwache mbuzi, aandike chini yake CHUMVI IKO HAPA. Watu wanasimama kucheka, halafu wanaingia.

Ukirudi, ukiona nimekosea, nitakuachia ufunguo na sitasema neno. Nitakuombea tu bomba lako la moshi.

Lakini hili la Mama usilingoje kurudi. Mpigie wewe mwenyewe, leo hii ukimaliza kusoma, kabla hujavua viatu vya kazi. Usimwambie Ngigi amwambie, na usiniambie mimi. Mimi nikimwambia atafikiri nina wivu, Ngigi akimwambia ataandika tarehe nyingine. Wewe ukimwambia shamba ni lake, ataamini, kama alivyoamini ulipomwambia kinyume. Mwambie avirudishe vile viatu sandukuni. Ameshavipiga rangi mpaka vinang'aa, na hana mahali anapotaka kwenda.

Nisalimie Kiprotich mnayelala naye chumba kimoja, mwambie mamake ni mzima, nilimwona sokoni akibishana bei kwa nguvu zote. Kigen anakusalimu, anasema rafu alizipaka rangi yeye. Mama mkwe anakusalimu, sasa anajua siri na amekasirika kwamba ilikuwa ndogo hivyo. Joan wa shangazi anauliza kama huko kuna wanaume wa kuoa. Kimberly hajui kusalimu bado, lakini ameuma pembe ya karatasi hii, utaiona.

Mungu akulinde wewe na mgongo wako, na akufungulie milango kama unavyowafungulia wengine.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akiwa amekununia,

Wangu