Chira Mdomoni mwa Wageni

Ndhiwa, Alhamisi

Hasira haijanitoka. Nimeoga, nimekula, bado ipo.

Neno ni letu, chira, na ni la kale kuliko babu zetu. Lakini watafiti ninaowatafsiria kila mmoja amelishika kivyake. Wa mila anasema ni adhabu ya kuvunja mwiko. Wa magonjwa ya akili anaandika huzuni. Daktari anaandika ukimwi. Wabishane huko kwao, mimi sijali.

Lakini leo walikuwa nyumbani kwa Min Ouma, mama yake Ouma, ambaye juzijuzi tu amemzika mwanawe. Mama akasema, "Alikonda tu, nikaona ni chira." Daktari, bila hata kuuliza, akatamka kwa sauti, "Sawa, ukimwi." Majirani walikuwa wamejaa mlangoni!

Ouma aliuawa na kansa ya koo. Mimi mwenyewe nilimpeleka hospitali.

Mama akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, ni wewe umewaambia hivyo?"

Nikamwambia daktari sitafsiri tena mpaka awaambie watu hawa kwamba hajui. Akanijibu, "Dada, ni istilahi tu." Istilahi! Nikamkazia macho. Mwishowe akasema hajui, kwa sauti ya chini. Nikatafsiri kwa sauti ya juu.

Sijui kama itasaidia. Maneno yakishafika sokoni hayafutiki.

Walipoondoka nilibaki na mama. Nikamuuliza yeye alimaanisha nini, maana hakuna aliyemuuliza.

"Mtoto aliisha mikononi mwangu," akasema. "Wewe ungeliitaje?"