Kosa Lilikuwa Angani

Jumatatu, 8 Septemba
Nimepangusa vumbi kwenye kioo, nimefungua paa, chombo cha kupimia hewa kwa mwanga wa jua kimelishika jua. Setilaiti imepita mchana, anga safi. Imesoma hewa ya ukaa juu kuliko sisi. Tena. Vumbi likizidi, tofauti nayo inazidi. Kazi ya kituo hiki ni moja tu: kupima kutoka ardhini ili wenye setilaiti wajue kama inasema kweli. Nimewaandikia kwamba haisemi.

Alhamisi, 11 Septemba
Wamejibu. Adabu tupu. Wanauliza kama umeme wetu hukatika. Kama mwendeshaji amefunzwa. Mwendeshaji ni mimi, peke yangu juu ya hiki kilima. Kuhusu setilaiti yao, kimya.

Ijumaa, 19 Septemba
Daktari Mutua, mkubwa wangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Amewakubalia kwamba chombo chetu kina hitilafu na vipimo vya msimu wote vitupwe. Hajapanda hapa tangu mwaka uanze. Nimemuuliza ameona hitilafu gani.
"Mwende, hao ndio wanatufadhili. Unataka tubishane nao tukose kila kitu?"
Nimemwomba kiletwe chombo kingine, vitazame jua pamoja, kimoja kando ya kingine. Amekata simu. Mwoga.

Jumatano, 24 Septemba
Nimemruka Daktari. Nimewaandikia wenye setilaiti mwenyewe, na wamekubali kutuma chombo cha kulinganisha. Amepata habari, akapiga simu. Sauti ya chini kabisa: ikionekana nimekosea, nisirudi kazini. Nimesema sawa.

Ijumaa, 3 Oktoba
Halima, fundi kutoka Mombasa, yuko hapa na chombo cha kulinganisha tangu Jumatatu. Wiki nzima mawingu. Leo ndiyo siku ya kwanza ya jua, na leo ndiyo siku Mama amepasuliwa goti. Dada yangu Mumbua alitaka tuwe sote hospitalini. Nikamweleza habari ya mawingu.
"Jua litatoka tena kesho," akasema. "Mama je?"
Sikwenda. Kesho Halima anaondoka.
Vyombo viwili vimesoma sawa tangu asubuhi mpaka jua kushuka. Setilaiti imepita, imesoma juu. Halima amerudia hesabu, kisha akanigeukia. "Dada, chako ni kizima. Kosa liko huko juu."
Nimetoka nje nikalia. Si kwa furaha. Mumbua hapokei simu zangu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Wenye setilaiti wametangaza. Ilikuwa ikidanganywa na vumbi. Watasahihisha vipimo vya sehemu zote kavu, si Ukambani tu. Wanamshukuru Daktari Mutua na wenzake wa Nairobi. Kituo chetu cha Machakos hakikutajwa. Mimi ndio kabisa.
Jioni Daktari amepiga. Chombo kinahamia Nairobi, juu ya paa la ofisi yake. Kitapata mwendeshaji mwingine; kazi yangu imekwisha.
"Lakini unajua nilikuwa sahihi," nikasema.
"Najua. Lakini uliniruka. Siwezi kufanya kazi na mtu wa kuniruka."
Hata hakuona haya. Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema.

Jumapili, 19 Oktoba
Niko Kola, nyumbani. Mumbua amenisalimia, akachukua ndoo akatoka. Mama anatembea kwa magongo. Ameniuliza kazi iliishaje. Nikamwambia setilaiti sasa inasoma vizuri.
"Na hao wenyewe wanajua ni wewe?"
"Hapana, Mama."
Ameegemeza magongo ukutani, akanyoosha mkono nimshike. Tumetembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Polepole. Uzito wake wote ulikuwa upande wangu.