Bastola Nyuma ya Bunduki Yenye Kibali

Papa,

Nina hasira nawe. Siku ya mazishi mchungaji alisema hukuvunja sheria hata moja tangu tuingie nchi hii, na mimi nikaitikia amina kwa sauti. Wakati huo nilikuwa bado sijafungua kabati lako la bunduki.

Siku tatu kabla hujafa uliivua shingoni ile kamba yenye ufunguo ukanikabidhi. "Kifungulo hiki usipatie mutu, Furaha. Hata ndugu yako." Nilicheka moyoni. Nilidhani ni zile sheria zako tena: bunduki ndani ya chuma, risasi zifungiwe, ufunguo kwa mwenye kibali tu. Tulizoea kukutania kwamba wenzako kanisani wanasoma Zaburi na wewe unasoma sheria ya silaha. Mtihani wa uwindaji uliufanya mara tatu kwa Kiswidi chako cha kiwandani mpaka ukafaulu. Ukaleta picha ya älg wako wa kwanza, yule mnyama wa msituni mwenye pembe pana kama koleo, na Lennart mwenzako wa kiwanda cha malori amesimama kando yako anacheka. Nyama ya mnyama huyo tuliila na sombe, majani yetu ya muhogo, mpaka Pasaka.

Ulipokufa, sheria ilitupa mwaka mmoja wa kuiuza bunduki au kuikabidhi. Lennart alikubali kuichukua, na kibali chake kimetoka juzijuzi. Kwa hiyo Jumamosi nilifungua kabati ili nimsomee namba za bunduki kwa simu. Nyuma ya bunduki, chini kabisa, kulikuwa na taulo la bluu. Ndani ya taulo mlikuwa na bastola.

Nilikaa sakafuni. Taulo nilikuwa nalijua, nilimnunulia mwenyewe mdogo wangu Elia, la mazoezi ya mpira.

Nilimpigia simu, akaja moja kwa moja kutoka kazini Märsta akiwa na nguo zake za ghala. Kabla sijamaliza kuuliza akaanza kulia, mwanamume wa miaka ishirini na miwili. Ndipo nikajua. Kwamba alipokuwa na miaka kumi na saba kuna watu hapa mtaani kwetu Skärholmen walimpa awafichie hicho kitu kwa wiki moja. Kwamba uliikuta bastola kwenye begi lake ukaichukua. Kwamba aliwadanganya ameitupa ziwani, wakampiga mpaka jino likavunjika, na wewe ukaniambia ameteleza kwenye barafu. Nikaenda kumnunulia viatu vyenye misumari ya kushika barafu. Viatu, Papa. Nilivibeba hadi nyumbani na wewe ukanishukuru.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Majira yale yale serikali ilitangaza msamaha wa silaha. Kwa muda ule mtu aliweza kupeleka polisi silaha isiyo na kibali bila kuulizwa jina wala imetoka wapi. Mimi ndiye niliyekusomea tangazo, jikoni, kwa sababu habari za silaha ulizipenda. Uliweka kijiko chini. Ukasema, "Babu yako pia, walimusomea tangazo."

Habari za Babu nazijua tangu utoto. Gobori lake, na karatasi yake. Jinsi desturi ile ilivyoanza enzi za Wabelgiji, mzungu akiwa na bunduki ya risasi na mtu mweusi akiruhusiwa gobori tu, tena kwa kibali. Wabelgiji wakaondoka, kibali kikabaki, na Babu kila mwaka akaenda kwa miguu mpaka kwa chifu kugongewa muhuri. Halafu vita. Askari wakatangaza kijijini kwamba kila mwenye bunduki ailete uwanja wa shule, hakuna atakayeguswa. Babu akabeba gobori, akakunja karatasi yake vizuri akaitia mfuko wa shati. Hamkumwona tena.

Naelewa, Papa. Lakini Babu alikuwa na haki yake mfukoni akakutana na waongo. Elia alikuwa na kosa, na mbele yake kulikuwa na mlango ulio wazi kweli, ukaufunga wewe. Uliwaamini polisi wa huku wakupe kibali cha bunduki yako. Uliwafungulia kabati waje walikague. Ukashindwa kuwaamini kwa mwanao.

Sasa msamaha umekwisha na maswali yapo. Polisi watafyatua risasi ya majaribio kwa bastola hiyo, watailinganisha na risasi walizozitoa kwenye miili ya watu. Unamkumbuka mtoto wa jirani wa ghorofa ya pili, aliyeuawa kwa risasi, tulivyomwashia mishumaa pale kituo cha treni? Ulisimama kando yangu, umevua kofia, umeshika mkono wa baba yake. Ulikuwa unajua kilichomo kabatini mwako na ulisimama. Elia anaapa haihusiani. Mimi sijui. Na wewe hukujua, na hilo ndilo siwezi kukusamehe leo.

Jana Elia alinitazama usoni akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili humtoka kwa shida, "Yaya, dada yangu, sema ilikuwa ya Papa. Amekufa, watamufanya nini?"

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga tangu azaliwe. Lakini usiku wote nimekuwa nikiwaza kwamba hilo halikuwa wazo lake. Lilikuwa lako. Ndiyo maana hukuitupa ziwani kweli, ukaogopa itaokotwa na kesi kurudi kwake. Uliiweka ndani ya kabati lenye jina lako, ukasubiri kufa ili kosa liwe lako.

Hapana, Papa. Sikubali. Jina ulilolipigania katika mitihani mitatu silitumii kufutia uchafu.

Nimewapigia polisi, wanakuja saa nane mchana. Bastola sijaigusa tena. Elia yuko jikoni, hajavua koti, chai yake imepoa. Angeweza kuondoka tangu asubuhi, mlango haujafungwa. Bado yupo.

Lala, Papa, hata kama mimi sijamaliza kugombana nawe. Nitakuja makaburini theluji ikiyeyuka, na nitakuja na maneno mengine. Kwa leo nakuahidi hili: wakiuliza ni ya nani, hawatasikia jina lako. Elia atasema mwenyewe, na akishindwa nitasema mimi, nikiwa nimemshika mkono. Popote watakapompeleka nitakwenda naye mpaka mlango wa mwisho wanaoruhusu watu wa nyumbani. Babu mlimwacha aende peke yake.

Mwanao,
Furaha